Aliyechezea Breki za Bi Klachi

Bi Klachi alikanyaga breki. Hilo aliwaambia polisi, akamwambia mumewe, akawaambia majirani waliokuja kumpa pole huku wakiuma midomo wasicheke, na hata ungemwamsha usingizini angekwambia vilevile. Alikanyaga breki kwa mguu wake mwenyewe, kwa nguvu zake zote, na gari badala ya kusimama likaruka, likapanda ukingo wa barabara, likayavamia makochi ambayo seremala alikuwa ameyapanga nje. Lilipotulia, pua yake ilikuwa imelala juu ya kochi la watu watatu, la kitambaa cha maua, nailoni bado haijatolewa. Hakuumia mtu. Afadhali angeumia yeye kidogo, pengine watu wangemwonea huruma. Kwa jinsi ilivyokuwa, mji mzima ulipata la kusema: mwalimu wa udereva amepaki sebuleni.

Maana yeye hakuwa dereva tu. Ndiye mwenye ile shule ya udereva nyuma ya soko, chumba kimoja chenye picha za alama za barabarani ukutani, na gari jeupe lenye herufi L mbele na nyuma. Sijui ni madereva wangapi wa mji ule waliopita mikononi mwake, ila ni wengi mno. Jina la Klachi alipewa na wanafunzi, kwa sababu ndilo neno lililomtoka kinywani tangu asubuhi mpaka jioni: klachi, klachi, nimesema klachi, masikio umeyaacha nyumbani? Sauti yake iliwafikia mpaka wauza vitunguu. Mtu aliyefundishwa naye, hata awe na mvi, akibadilisha gea hujikuta ameinamisha kichwa kidogo akisubiri kukemewa.

Leseni yake ikasimamishwa nusu mwaka. Na muda ukiisha haitarudi hivihivi: afanye mtihani wa barabarani upya, kama mwanafunzi yeyote. Bila leseni haruhusiwi kukaa kiti cha mwalimu, na Bi Klachi hakuwa na kazi nyingine aliyoijua wala aliyoitaka. Kupika hakupendi, kushona hawezi, na kukaa nyumbani kulimtia homa. Akiikosa leseni ile, ndiyo basi, anakuwa mama fulani tu anayechungulia dirishani.

Kwa hiyo alichungulia dirishani, na alichokiona hakikumpendeza. Alimwona Mpole.

Mpole alikuwa mwalimu wake msaidizi, baba wa watoto wawili, mwembamba, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Alimwajiri mwenyewe. Katika muda wote waliofanya kazi pamoja hajamsikia akipandisha sauti hata mara moja. Mwanafunzi akigonga ndoo za kufanyia mazoezi, Mpole alikuwa anasema, “Haidhuru, tujaribu tena.” Zamani Bi Klachi aliiona tabia hiyo kuwa ulegevu. Sasa, akiwa nyumbani na mikono yake mitupu, akaanza kuiona kuwa kitu kingine kabisa. Mtu gani huyo asiyekasirika? Hasira zake anaziweka wapi?

Na tazama mambo yalivyopangika. Asubuhi ya siku ile ya kochi, ni Mpole aliyelipeleka gari kwa fundi kubadilishwa oili. Mchana Mpole akawa darasani, hivyo Bi Klachi akaenda kulichukua gari mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwani siku zote yeye ni wa kukaa kiti cha pembeni na kuendeshwa na wanafunzi. Hajafika mbali, mbwa akakatiza barabara, akakanyaga breki, mengine mnayajua. Watu wawili walikuwa wameligusa gari siku hiyo kabla yake, Mpole na fundi. Na ni nani aliyekaa kiti cha mwalimu kesho yake? Alipofika hapo katika hesabu zake, Bi Klachi alikuwa akijipiga paja.

“Amenichezea breki,” alimwambia mumewe. “Anataka kiti changu.”

Mumewe, mstaafu wa posta, mtu wa maneno machache na magazeti mengi, alishusha gazeti mpaka puani. “Nani, Mpole?”

“Huyohuyo unayemwita Mpole.”

“Wewe ndiye uliyempa jina hilo, mama watoto.”

“Nilidanganyika.”

Mzee akafikiri kidogo. “Labda mguu ulikosea tu. Hutokea.”

Jamani, heri angenyamaza. Mwanamke aliyefundisha mji mzima mahali breki ilipo aambiwe na mtu asiyejua hata kuendesha baiskeli kwamba mguu ulikosea! Kwa siku kadhaa zilizofuata Bi Klachi alimtazama hata mumewe kwa jicho la pembeni. Mbona anamtetea huyo bwana? Wanajuana vipi?

Akaanza uchunguzi. Kwanza alikwenda kwa fundi, akamtaka alale chini ya gari mbele ya macho yake. Fundi, mtu wa miraba minne mwenye kicheko kikubwa, akalala, akagonga huku na huku, akatoka na uso mweusi wa grisi.

“Mama, breki nzima. Mabomba mazima, pedi nzima. Za dereva nzima, na zile mbili za upande wako, klachi na breki, nazo nzima.”

“Leo nzima,” akasema Bi Klachi. “Siku ile je?”

“Siku ile nilibadilisha oili tu.”

“Ukiwa peke yako?”

“Na Mpole. Alinishikia tochi.” Kisha fundi akakumbuka kitu, akacheka. “Yule bwana ana vichekesho, mama, usimwone vile.”

Bi Klachi hakuhitaji zaidi. Mpole, ambaye kwake hajawahi kutoa hata kichekesho kimoja, kumbe kwa fundi ni mchekeshaji. Na ile tochi ilikuwa inamulika nini? Alirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Kisha akamtuma Mzee shuleni apeleleze, ajifanye amekuja kuazima gazeti. Mzee alikwenda akakaa huko mpaka Bi Klachi akaanza kudhani ametekwa. Aliporudi, alikuwa amekunywa chai vikombe viwili na kuelezwa maana ya alama zote za barabarani.

“Enhe?” akauliza mkewe. “Umeona nini?”

“Anafundisha vizuri,” akasema Mzee. “Kiti chako hakalii. Ukiondoa kile cha garini. Mle chumbani amekiweka pembeni na kitambaa juu, kisiingie vumbi.”

“Kitambaa juu! Kama maiti!”

Mzee akafungua gazeti lake la juzi, akajificha nyuma yake.

Nitasema ukweli, mimi simlaumu sana. Mtu aliyezoea kuamini mikono na miguu yake, ukimwambia kitu kimeharibika, atatafuta kilichoharibika mahali pengine popote kabla ya kujitazama mwenyewe. Lakini alimwonea Mpole, na alimwonea hadharani. Alimwambia mama wa duka la jirani, akamwambia seremala wa makochi, akamwambia kila aliyekuwa tayari kusimama amsikilize. Wapo waliomwamini. Wanafunzi wawili wakahamia shule nyingine, wakiogopa gari lile. Mpole aliendelea kupiga pasi mashati yake na kuja kazini, na kila alipokutana na Bi Klachi njiani aliinama kidogo akasema, “Shikamoo, Mwalimu,” kama hajui lolote. Hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko yote.

Siku ya mtihani ikafika. Gari la mtihani lilikuwa lilelile la shule, na ilibidi Mpole alilete uwanjani. Bi Klachi alifika mapema akiwa amevaa gauni lake la kijani la kwendea kwa watu, na kabla ya salamu akapiga magoti kwenye kokoto, akachungulia chini ya gari.

“Washa,” akamwamuru Mpole. “Nenda mbele. Simama. Tena. Simama!”

Mpole alikwenda akasimama, akaenda akasimama, mpaka waliokuwa wakisubiri foleni wakaanza kutazamana. Gari lilitii kila mara. Bi Klachi akainuka, akajipangusa magoti.

“Sasa shuka, na usiliguse tena mpaka nirudi.”

“Sawa, Mwalimu. Kila la heri.” Akaenda kusimama chini ya kivuli cha bati la getini, mikono nyuma.

Kila la heri, alijisemea Bi Klachi. Tumekusikia.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa, akatoka mtahini, na roho ya Bi Klachi ikamruka. Alikuwa Jasho. Jasho huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, mtu aliyekuwa akishika usukani viganja vinatiririka maji. Hakuna aliyekemewa na Bi Klachi kama yeye. Siku moja alimfukuza garini katikati ya barabara, akamwambia akanunue punda. Leo Jasho ana tumbo, ana miwani, ana kalamu mfukoni, na leseni ya Bi Klachi imo ndani ya kalamu ile.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema Jasho, meno yote nje.

“Marahaba,” akajibu Bi Klachi, akiyahesabu meno yale kama silaha. Wamepanga, akawaza. Mmoja analeta gari, mwingine anashika kalamu. Nimekwisha.

Wakaenda kwenye gari. Na hapo hapo Bi Klachi akatoa sababu ya kuchekwa, maana alizunguka akafungua mlango wa upande wa mwalimu, akakaa, akafunga mkanda. Jasho akasimama nje akikohoa kwa adabu.

“Mwalimu, leo upande ule.”

“Najua!” akafoka, akashuka.

Lakini alipoanza kuendesha, haki yake tumpe, aliendesha. Alipanda mlima na kusimama katikati yake bila gari kurudi nyuma hata unene wa kidole. Alirudi kinyumenyume kati ya ndoo. Kwenye mzunguko alipisha wa kupishwa, akaingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Jicho moja lilikuwa barabarani na lingine kwenye miguu ya Jasho, iliyokuwa imetulia karibu na zile pedali mbili za mwalimu. Akinigusia breki tu, ataandika kwamba nilihitaji msaada, akawaza. Sheria anaijua yeye. Naye Bi Klachi akawa ameijua njama yote mpaka mwisho wake. Kila Jasho alipotikisa goti, mikono yake ilikaza usukani.

“Kata kushoto, nyuma ya soko,” akasema Jasho. “Halafu turudi.”

Walikuwa wamebakiza mtaa mmoja. Geti la uwanja lilikuwa likionekana kule mbele, na Bi Klachi alikwisha kuanza kuonja utamu wa kurudi kwenye kiti chake. Ndipo mwanamke mmoja akatoka kati ya magari mawili yaliyopaki, akiwa na trei la mayai mikononi na jingine juu yake, akiyatazama mayai wala si barabara.

Bi Klachi akakanyaga breki.

Gari likaruka. Injini ikapiga kelele, pua ikainuka, na yule mwanamke akakua ghafla kwenye kioo, mdomo wazi. Kisha gari likagonga kitu kisichoonekana, likajikunja, likazima. Vichwa vyao vikaenda mbele vikarudi. Mayai ya trei la juu yakateleza polepole, moja, mawili, yakapasuka juu ya boneti.



“Umeona!” akapiga kelele Bi Klachi. “Umeona mwenyewe! Nimekanyaga breki limeruka! Si nilisema? Yule bwana amezichezea!”

Jasho alikuwa ameegemea kiti, mguu wake wa kulia umenyooka kama mti, umeibana breki ya mwalimu mpaka chini. Jasho jembamba lilikuwa likimshuka kwenye shavu. Polepole akanyoosha kidole, akaonyesha chini, upande wa Bi Klachi.

“Mwalimu,” akasema. “Tazama mguu wako.”

Akatazama. Kiatu chake cheusi kilikuwa kimekanyaga kwa nguvu zake zote, bado kimekanyaga, na kilichokuwa chini yake kilikuwa pedali ya mafuta.

Aliutazama mguu ule kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Akataka kusema umeteleza. Haukuwa umeteleza. Ulikuwa umeshuka moja kwa moja, palepale ulipokuwa, kama ulivyoshuka mara elfu na elfu. Na akaelewa. Upande wa mwalimu hakuna mafuta. Upande wa mwalimu mguu wa kulia una kazi moja tu, kukaa juu ya breki na kungoja. Miaka yote ile, mwanafunzi akikosea, yeye alikuwa hausogezi mguu popote, anaubonyeza tu. Hatari, bonyeza. Mbwa, bonyeza. Mayai, bonyeza. Hakuna aliyemchezea breki. Ni kazi yake mwenyewe iliyomfundisha mguu wake hivyo, na yeye hakuwa na habari.

“Mpole,” akasema.

Jasho akatoa kitambaa, akajifuta uso. Akaitazama karatasi yake, kisha akaitazama barabara mbele na nyuma.

“Mwalimu, mimi sijaona kitu,” akasema kwa sauti ya chini. “Njia nzima umeendesha vizuri kuliko mtu yeyote niliyemtahini mwaka huu. Hapa ni mayai mawili tu.”

Bi Klachi akamkazia macho. Hata wakati ule kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa: huyu anataka nini kwangu? “Mbona unanisaidia?”

“Siku ile ya punda,” akasema Jasho, “ulinifuata ukanirudisha garini. Watu wengine wangeniacha. Ningekuwa wapi leo?”

Bi Klachi hakukumbuka kumfuata. Alikumbuka kumfukuza tu. Alimtafuta uongo usoni, akautafuta, asiuone, na akajisikia vibaya kuliko kama angeuona. Leseni ilikuwa hapo, kwenye ncha ya kalamu. Aliitaka. Mungu anajua alivyoitaka. Ilitosha aseme ahsante tu.

Yule mwanamke wa mayai alikuwa amekwisha kupata pumzi yake, akaja dirishani amepandisha mabega tayari kwa vita. Kisha akaiona ile herufi L kwenye boneti, kati ya viini vya mayai, akamwona mama wa makamo mwenye gauni la kijani, kakauka nyuma ya usukani. Mabega yakashuka.

“Aa, ni mwanafunzi,” akasema. “Pole, mama yangu. Usiogope, kila mtu huanza hivyo.” Akainama amwone Jasho. “Na wewe mwalimu, mfundishe taratibu bwana, mama wa watu ataua mtu.”

Akaondoka, akiyashika mayai yake yaliyobaki kama mtoto mchanga.

Bi Klachi akamtazama mpaka akaishia sokoni. “Andika nimeshindwa,” akasema.

“Mwalimu…”

“Klachi nimekufundisha mimi, na kuandika nikufundishe? Andika.”

Jasho akaandika. Kisha wakabadilishana viti, Jasho akalirudisha gari uwanjani, na njia nzima Bi Klachi alikaa upande wake wa siku zote, mguu wake wa kulia ameukunja chini ya kiti.

Mpole alikuwa bado amesimama getini. Alipoona nani anaendesha, akaelewa, akaja kufungua mlango bila kuuliza. Bi Klachi akashuka. 

“Nilisema umenichezea breki,” akasema. “Nilimwambia kila mtu.”

“Najua, Mwalimu.”

“Ulijua?”

“Nilijua tangu wiki ya kwanza. Hata dukani walikuwa wananiuliza. Mke wangu aliulizwa kisimani.”

“Kumbe! Na ukabaki? Mbona hukuondoka?”

Mpole akaufunga mlango wa gari taratibu, akahakikisha umeshika.

“Ningeondoka ungesema nimekimbia,” akasema.

Kilio kilimjia Bi Klachi, akakimeza, kikamjia tena, na safari hii akakiacha, palepale getini, mbele ya foleni nzima ya wanafunzi wenye makaratasi mikononi. Mpole alingoja. Hakumwambia haidhuru.

Alipomaliza, akajifuta kwa pindo la gauni. “Hukuwa wewe,” akasema. “Ulikuwa mguu wangu. Nitawaambia mmoja mmoja, wote niliowaambia. Nitaanza kwa mkeo.”

“Ahsante, Mwalimu.”

“Na nitahitaji mtu wa kunifundisha. Kesho asubuhi una nafasi?”

Mpole akafikiri. “Asubuhi nimejaa,” akasema. “Njoo mchana.”

Bi Klachi akamkazia macho, akitafuta ndani ya neno lile kama kuna dharau, kama kuna kulipiza, kama kuna kicheko alichokificha kwa ajili ya fundi. Alitafuta kwa muda mrefu, maana alikuwa na mazoea. Kisha akasema mchana ni sawa.